UZI: Fimbo na vifaa vingine vya wasioona tunavyoweza kujitengenezea hapa hapa Goma

FundiWaKatindo

Jambo wapendwa. Nafungua uzi huu juu watu wengi wananiandikia pembeni wakitaka niwaonyeshe "fimbo yenye kutetemeka" ya ndugu yao asiyeona, na wote wanaanza na sensa (kidude cha kupima kitu kiko umbali gani): sensa inapatikana wapi, programu yake iko wapi, batri gani. Mimi nasema tuanze na fimbo yenyewe, ile ya kawaida, nyeupe, isiyo na waya hata moja. Mtu asiye na fimbo nzuri mkononi ukimpa sensa hujamsaidia, juu sensa haioni shimo, haioni mtaro, haioni ngazi ya kushuka, na kwetu mitaro mingi haina kifuniko na kwenye kartye (mitaa) barabara bado ni mawe ya volkano. Kwa wale wa nje ya Goma: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na sisi tukajenga juu yake, kwa hiyo chini hapa siyo udongo, ni mawe yenye meno. Fimbo njo inasoma hayo mawe. Sensa ni ya juu, kifua na kichwa, tutaifikia.

Urefu. Mtu asimame wima na viatu anavyovaa kila siku, fimbo itoke chini ifike kwenye mfupa wa katikati ya kifua. Anayetembea haraka atataka ndefu zaidi, hadi karibu na kwapa, maana fimbo fupi inakuambia kuna jiwe wakati mguu umeshalifikia. Ile ya wazee ya kuegemea ni kitu kingine kabisa, usikate kwa kipimo cha kiuno.

Mwili wa fimbo unaweza kuwa tiyo (bomba) ya PVC ngumu, ile ya kupitishia nyaya za umeme ukutani, ni bei rahisi na nyepesi, shida yake ni kwamba jua likipiga inalegea na kupinda. Bora zaidi ni aluminiamu ya antena za zamani za televisheni, Birere bado zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu. Ukitaka ya kukunja, kata vipande vinne, kwenye kila maungio weka kipande chembamba kinachoingia ndani kwa kubana, halafu pitisha katikati ukanda wa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, uvute uwe mkali, ufunge juu na chini. Mpira ukichoka mtu yeyote wa kuziba pancha anaubadilisha. Kwangu hicho njo kipimo cha kwanza cha kifaa chochote: kikiharibika Ndosho, kitengenezwe Ndosho.

Ncha sasa, hapa watu wanafanya haraka na hapa njo penye kazi. Ukiweka msumari inanasa kwenye mawe. Ukiweka mpira wa kandambili inanyamaza, na yule mtu anahitaji ile sauti, kwa sauti anajua kama anagonga simenti, bati, mchanga au jiwe. Inatakiwa plastiki ngumu, ya mviringo, kipenyo sentimita 4 hivi. Mimi nayeyusha vifuniko vya bidoni (madumu ya plastiki) kwenye kopo, nje, penye upepo, namimina kwenye tundu la udongo, ikipoa naisugua. Chonde chonde msiyeyushe PVC, moshi wake ni sumu, yafaa vifuniko tu.

Rangi iwe nyeupe na chini kipande chekundu, pia uongeze utepe unaong'aa usiku kama ule wa koti za motari (madereva wa pikipiki). Hii nyeupe si urembo. Mwaka 1921 kule Bristol, Uingereza, mpiga picha mmoja aitwaye James Biggs alipoteza macho, magari yalikuwa yanamtisha karibu na nyumbani kwake, akapaka fimbo yake nyeupe ili madereva wamuone. Mpaka leo kazi ni ile ile, kumuambia motari "punguza".

Seremala_wa_Chukudu

Papa Fundi umesahau mbao. Si kila mtu atapata aluminiamu. Sisi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tunafanya na mukaratusi kila siku, lakini kwa fimbo ya kupapasa mukaratusi ni muzito sana, mukono utauma kabla mutu hajafika Virunga soko. Chukueni mianzi. Ile nyembamba, iliyokomaa, muikaushe kivulini polepole, ukiiweka kwenye jua inapasuka. Halafu kwenye kila fundo unazungusha ukanda mwembamba wa mpira. Iko nyepesi, na sauti inapanda vizuri mpaka mukononi kuliko ile ya PVC. Haikunjiki, ni kweli, lakini mutoto wa shule inamutosha.

FundiWaKatindo

Asante sana mukubwa, mianzi nakubali kabisa, na hilo la sauti kupanda mkononi ni kweli, PVC inameza mtetemo.

sikio_la_Himbi

Mimi ni kipofu, naandika kwa simu yenye kusoma kwa sauti kwa hiyo mkiona herufi imeruka mnisamehe. Nashukuru mmeanza na fimbo. Naomba niongeze mambo ambayo wenye kuona hawayafikirii.

Kwanza, kwenye mawe fimbo inakwama ghafla na kishikio kinakuchoma tumbo. Wengi wetu tuna alama. Kwa hiyo kishikio kisikae mbele ya kitovu kabisa, na kisiwe na ncha kali, kifungwe mpira mnene. Na ule mtindo wa kuburuza ncha chini bila kuinua, unafaa kwenye simenti, kwenye lava haufai, huku unagonga: mguu wa kulia ukienda mbele ncha inagusa kushoto, wa kushoto ukienda ncha inagusa kulia, upana kidogo kupita mabega. Mtu afundishwe hivyo kabla ya kupewa kitu chochote cha umeme.

Pili, kinachoniumiza mimi siyo chini. Ni mabati ya vibanda yaliyotokeza usawa wa uso, kamba za shitingi (turubai), na lori zimeegeshwa mbao zikichungulia nyuma. Fimbo inapita chini ya lori vizuri, haisemi kitu, mimi napiga paji la uso. Hapo njo naomba msaada wenu.

Tatu, na hili nalisema kwa mkazo: msiniwekee bipi. Wala ekuta (spika ndogo ya sikio) sikioni. Masikio yangu yanasikiliza moto (pikipiki) inatokea wapi, mlango gani umefunguliwa, watu wanaongea upande gani, ukiniwekea kitu kinapiga kelele pii pii pii umenifunga macho mara ya pili. Mtetemo mkononi, basi.

FundiWaKatindo

Ndugu yangu wa Himbi, umeeleza kitu ambacho vijana wengi wa elektroniki wangepaswa kukisoma kabla ya kugusa waya. Basi tuingie kwenye sensa, na kazi yake iwe hiyo moja tu, kuanzia kiuno hadi kichwa.

Sensa ya bei rahisi kuliko zote inaitwa HC-SR04, ile yenye macho mawili ya mviringo. Jicho moja linatoa sauti ya kilohezi 40 ambayo sikio la mtu halisikii, la pili linasubiri mwangwi. Sauti inaenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kikiwa mita moja mbele mwangwi unarudi ndani ya milisekunde 6 hivi. Kwenye programu unatuma mpigo wa maikrosekunde 10, unapima muda hadi mwangwi urudi, unagawa kwa 58, umepata sentimita. Inaona kutoka sentimita 2 mpaka mita 4 kwenye karatasi, lakini sisi hatuhitaji mita 4, mtu wa kawaida anatembea karibu mita moja kwa sekunde, ukiweka onyo lianze kwenye mita moja na nusu ana muda wa kusimama. Ukiweka mbali zaidi, sokoni itatetemeka bila kukoma na ataizima.

Koni yake ni nyembamba, digrii 15 hivi. Kwa mita moja inafunika upana wa kama sentimita 26 tu. Maana yake uelekeo njo kila kitu. Ifungwe chini kidogo ya kishikio, na kwa vile fimbo inashikwa ikiwa imelala, sensa yenyewe iinuliwe iangalie kifua na uso, siyo barabara. Ikiangalia chini kidogo tu, mawe yetu yatairudishia mwangwi kila hatua. Mpe mwenyewe aishike kama anavyotembea, wewe simama mbele na karatasi ngumu usawa wa uso wake, inua shusha mpaka uone inapokamata, halafu njo ufunge skurubu. Usiipime mezani kwako.

Ubongo ni Arduino Nano, kibao kidogo cha kompyuta, hata ile ya nakala inafaa. Mota ya mtetemo itoe kwenye simu iliyokufa, mafundi wa simu wanazo makopo mazima. Kwenye programu usiamini kipimo kimoja, chukua vitano, vipange, tumia cha katikati, hivyo mwangwi wa uongo unajitupa wenyewe. Kati ya kipimo na kipimo subiri milisekunde 60. Kitu kikiwa mbali mapigo yawe polepole, kikikaribia yawe ya haraka. Na kama mwangwi haujarudi, nyamaza.

Eletroniki243

Mukubwa ongeza hii juu vijana wataunguza bodi: mota ya simu musiifunge moja kwa moja kwenye pini ya Arduino, pini inavumilia miliampea 40 mwisho kabisa na ile mota wakati inaanza inakula zaidi. Wekeni transista (swichi ndogo ya umeme), 2N2222 inatosha, rezista (ya kupunguza umeme) ya kilo-omu 1 kwenye besi, ule muguu wa kuiwasha, na diodi ndogo (inapitisha umeme upande mumoja tu) kinyume juu ya mota, 1N4148 ama hata 1N4007, yenye unaweza kutoa kwenye chaja yoyote iliyokufa. Bila diodi mota ikizima inarudisha umeme na transista inakufa.

Batri: betri za laptop zilizokufa ndani muna seli za 18650 (betri ndogo za mviringo), mara nyingi moja ama mbili njo zimekufa, zingine ziko nzima. Lakini musizichaji na chaja yoyote tu! Tumieni kile kibao cha TP4056 chenye ulinzi, kinasimama chenyewe kwa volti 4.2, juu yake kibao cha kupandisha mpaka volti 5. Seli yenye imevimba ama imechubuka plastiki, tupa kabisa, lithiamu inawaka moto na ile fimbo mutu anaishika mukononi.

Swali langu: mvua? HC-SR04 maji ikiingia kwenye yale macho imekwisha, na hapa mvua inanyesha wakati wowote.

FundiWaKatindo

Uko sawa kwa yote. Kwa mvua iko sensa nyingine ya jicho moja lililofungwa, JSN-SR04T, kama zile za nyuma ya magari. Inavumilia maji. Ila haioni kitu kilicho karibu chini ya sentimita 20 na kitu hivi, na kwetu hiyo si shida. Ni ghali kidogo kupita ile nyingine, kama pesa ipo anza nayo. Kama haipo, HC-SR04 ikae ndani ya kipande cha tiyo chenye mdomo unaotokeza mbele kama kofia, na mvua ikiwa kubwa mtu anaizima anabaki na fimbo. Njo maana nasema fimbo iwe kamili hata sensa ikifa.

Udhaifu mwingine mjue: nguo nene na blanketi vinameza ile sauti, kwa hiyo mama aliyebeba mzigo wa nguo sokoni inaweza kumuona akiwa karibu sana. Na ukuta ukiwa umelala upande, mwangwi unaruka pembeni haurudi. Mwambieni mtumiaji haya yote wazi, asije akakiamini kuliko kinavyostahili.

Kijana_wa_ISTA

Lakini si ziko fimbo kama hizo tayari duniani? Kwa nini tusiombe mashirika yalete tu.

FundiWaKatindo

Ziko mdogo wangu. Waturuki wana WeWALK, ilipotoka bei ilikuwa kama dola 500. Wahindi wa IIT Delhi walifanya vizuri zaidi kwa upande wa bei, SmartCane yao ilitoka 2014 kwa rupia 3000 hivi, kama dola 50 za wakati ule, inafungwa juu ya fimbo ya kawaida na inatetemeka, nasi kwa kweli tunafuata njia ile ile. Sikatai msaada. Lakini nimeona vifaa vya msaada vimelala kwenye kabati juu chaja yake ilipotea na hakuna anayejua ndani mna nini. Ukiwa umekifunga mwenyewe kwa skurubu, na seli ya laptop, na mota ya simu, kikizima Ijumaa Jumamosi kinatembea.

Mama_Furaha

Bonjour ba papa na ba mama. Mimi mutoto wangu wa kike ana miaka saba, haone tangu kuzaliwa, daktari wa macho alishamuangalia akasema haiko kitu cha kufanya. Ana akili sana, anakumbuka nyimbo zote za kanisa. Fimbo nimeelewa nitamutafutia mianzi. Lakini kusoma? Ile mashine ya Braille, maandishi ya nukta za kupapasa, banasema ni bei ya ajabu.

FundiWaKatindo

Mama Furaha, kwanza pole na hongera, na umefanya vizuri kuanza kwa daktari. Wengine wanaosoma hapa wasiruke hatua hiyo, mtoto wa jicho kwa mzee ni operesheni, usimtengenezee fimbo mtu ambaye angeweza kuona.

Kwa kusoma, usianze na mashine. Anza na trei ya mayai. Kata kipande chenye matundu 6, mawili kwa upana na matatu kwa urefu, hicho njo chumba kimoja cha Braille. Upande wa kushoto kutoka juu ni 1, 2, 3, wa kulia 4, 5, 6. Weka limau ndogo au kokoto ya mviringo: tundu la 1 peke yake ni a, la 1 na la 2 ni b, la 1 na la 4 ni c. Ashike kwa mikono yote miwili. Furaha yake akijua herufi za jina lake ndiyo itakuambia kasi ya kwenda. Herufi hizo zinamtosha Kiswahili, na kwa Kifaransa shuleni ataongeza zile zenye alama juu.

Aliyetunga haya, Louis Braille, alipoteza macho akiwa na miaka 3 kwa chombo cha kutobolea ngozi kwenye karakana ya baba yake, na alikuwa na miaka 15 tu mwaka 1824 alipopanga hizo nukta 6. Mwambie Furaha hilo.

Baadaye anahitaji ubao mdogo wa kuandikia na sindano. Sindano tunatengeneza: msumari mfupi, ncha isuguliwe iwe butu ya mviringo isitoboe karatasi, ishindiliwe kwenye kishikio cha mbao kinachojaa kiganja. Ubao wenyewe sikushauri kuutengeneza kwa jicho, nukta na nukta ni milimita 2.5, ukikosea kidogo kidole hakisomi. Tafuta mmoja wa plastiki kwenye shule ya wasioona au kwa walimu wao, huo si ghali kama mashine. Karatasi usinunue, kalenda za zamani zile nzito zinashika nukta vizuri sana. Na ajue mapema kwamba kwenye ubao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, halafu unageuza karatasi na kusoma kawaida. Watoto wanalizoea haraka.

Mama_Furaha

Mungu akubariki Papa. Trei ya mayai ninayo leo leo.

sikio_la_Himbi

Mama Furaha, na nyumbani umuwekee raba za kufungia: chombo cha chumvi raba moja, cha sukari mbili. Asikuulize kila mara.

Kuna pia kile kidude cha kikombe ambacho fundi mmoja alinitengenezea, kinalia chai ikikaribia kujaa. Kabla yake nilikuwa naingiza kidole kwenye maji ya moto. Hapo bipi naikubali, niko jikoni siko barabarani.

FundiWaKatindo

Hicho ni rahisi kuliko vyote na ningefurahi kama kila nyumba yenye mtu asiyeona ingekuwa nacho. Transista moja BC547, baza (kidude cha kulia) ndogo ya volti 3, betri mbili ndogo za rimoti, na vijiti viwili vya chuma kisichoshika kutu, vimekunjwa vining'inie kwenye mdomo wa kikombe vikishuka ndani sentimita 2. Kijiti kimoja kinatoka kwenye chanya ya betri, kingine kinaenda kwenye besi kwa kupitia rezista. Maji yakigusa vyote viwili yanapitisha umeme kidogo, transista inafunguka, inalia. Usitumie waya wa shaba kwa kitu cha kunywa. Na muhimu: mafuta hayapitishi umeme, kwa hiyo kwenye mafuta ya kukaangia hakitalia hata kidogo. Mwambieni mtu hilo siku ya kwanza mnapompa.

Kijana_wa_ISTA

Na kutambua pesa? Simu haiwezi?

sikio_la_Himbi

Simu inaweza. Kwenye Android ukibana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde 3 inaanza kusoma, hiyo ni TalkBack, bure, mimi njo naishi nayo. Sauti ya Kiswahili iko kwenye eSpeak, programu ya kusoma kwa sauti, ni ya kiroboti lakini inaeleweka. Programu ya Lookout inatambua dola kwa kamera. Lakini sokoni Kituku, watu wamekusonga, unatoa simu kuimulika noti? Utaporwa vyote. Dola zote zina ukubwa mmoja, ya 1 na ya 100 kidoleni ni sawa, wenzetu wa nchi zingine wanazikunja kila moja kwa namna yake, kwetu ukikunja sana ikichanika kidogo tu hakuna anayeipokea. Mimi natumia pochi yenye mifuko minne niliyoshonewa, kila noti na mfuko wake, napanga nyumbani na mtu ninayemuamini, nikitoka najua. Na noti ninayorudishiwa naipitisha kidole pembe zote nne kabla sijaondoka, juu zilizochanika watu wanapenda kutusukumia sisi.

Eletroniki243

Hii ya pochi ni nzuri kuliko programu yoyote, kwa kweli.

Dada_wa_Majengo

Samahani nachelewa. Mjomba wangu haone na pia hasikie vizuri, sikio moja limekufa kabisa la pili kidogo. Hii fimbo ya kutetemeka itamufaa? Na ile ncha yenye sauti si haitamusaidia?

FundiWaKatindo

Dada, itamfaa, labda kuliko wote hapa, ila ibadilishwe. Ncha ibaki ngumu vile vile, hataisikia lakini ataihisi mkononi, kwa hiyo achukue mianzi au aluminiamu, siyo PVC. Mota weka mbili, moja kila upande wa kishikio, kila moja na transista yake, mtetemo uwe mkali. Onyo lianze mapema, mita 2, juu hasikii moto ikija na anahitaji muda. Na rangi isiwe nyeupe tupu: ipakie mistari mipana nyekundu na nyeupe kwa kupokezana tangu juu hadi chini, hiyo ni alama ya mtu asiyeona na asiyesikia, ili motari anayejua asipige honi akidhani mzee atasogea. Wasiojua, waambieni pale kituoni kwenu, wale wanaopita njia yake kila siku. Njoo naye mwenyewe siku ya kupima, usiniletee kipimo cha kifua chake kwenye karatasi.

Dada_wa_Majengo

Nitamuleta Papa. Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kali.